Spiriti ya Miwa na Petroli Yetu

Msomaji, ukiitazama ramani ya Kenya utaiona Isiolo karibu na kitovu cha nchi. Katika upande wake wa kusini, huko Garbatulla, si mbali na Mbuga ya Taifa ya Meru, ndipo kilipo kijiji kiitwacho Rapsu. Wenyeji wake wengi ni Waborana, watu wa ng'ombe, ngamia na mbuzi. Lakini Rapsu inajulikana pia kwa mashamba yake yanyweshwayo kwa mifereji, ambamo mahindi, nyanya na vitunguu humea katika nchi ambayo mvua yake haitegemewi.

Huko Rapsu, kama katika vijiji vingi vya kaskazini, pikipiki ndiyo motokaa ya watu. Humpeleka mgonjwa Kinna, humchukua mwalimu shuleni, na hubeba mzigo wa vitunguu kuutoa shambani. Sasa fikiri juu ya petroli iwakayo ndani yake. Imechimbwa ng'ambo, ikaletwa Mombasa kwa meli, ikasukumwa mpaka Nairobi katika bomba lililoanza kazi mwaka 1978, kisha ikapakiwa katika malori ya tangi kwenda mikoani. Zamani mafuta ghafi yalisafishwa Changamwe, katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1963. Lakini kazi hiyo ilikoma mwaka 2013, na tangu hapo petroli huja ikiwa imekwisha kusafishwa. Mwisho wa safari yake, aghalabu, ni mtungi wa plastiki au chupa iliyowekwa juu ya meza kando ya njia. Kila mkono ulioigusa umeongeza kitu juu ya bei, na anayenunua mwisho ndiye anayelipa zaidi.

Basi ni haki mwanafunzi aulize: Je, haiwezekani sehemu ya mafuta haya itoke katika mimea yetu wenyewe? Historia inatujibu kwamba si jambo la kuota tu. Kwa muda wa miaka 10, kuanzia 1983 mpaka 1993, magari ya Kenya yalikunywa petroli iliyotiwa spiriti ya miwa. Kisha jambo hilo likaachwa. Nia ya insha hii ni kukueleza jinsi lilivyoanza, kwa nini lilikufa, na hukumu gani yafaa tuitoe juu yake.

Kwanza yatupasa kuelewa spiriti ni nini. Wataalamu huiita ethanoli. Ni kitu kile kile kilichomo katika kila pombe, ila kimekenekwa mpaka kikawa kikali kabisa, na maji yake yameondolewa karibu yote. Hupatikana kwa kuchachusha sukari au wanga. Kiwanda cha sukari kinapokamua miwa, kuchemsha maji yake na kutoa chembe za sukari, hubaki uji mweusi mzito uitwao molasi. Uji huo bado una utamu ndani yake, lakini si rahisi tena kuutoa kwa faida. Tani moja ya miwa hutoa kiasi cha kilo 40 za molasi, na molasi hiyo ikichachushwa na kukenekwa hutoa kiasi cha lita 10 za spiriti. Kwa hiyo watu waliowaza kuendesha magari kwa spiriti hawakuwaza kuchoma sukari ya chai. Waliwaza kutumia mabaki yake.

Wala wazo hilo si geni. Mjerumani Nikolaus Otto, ambaye injini yake ya mwaka 1876 ndiyo babu wa injini za motokaa na pikipiki nyingi za leo, aliijua spiriti kuwa ni kitu cha kuendeshea mitambo. Henry Ford wa Marekani, aliyeanza kuuza motokaa zake za Model T mwaka 1908, aliisifu. Lakini petroli ilikuwa tele na rahisi, na kitu rahisi hakiulizwi maswali. Spiriti ikarudi jikoni na hospitalini ikangoja.

Iliyoiita tena ni shida. Mwezi wa Oktoba 1973, wakati wa vita vya Waarabu na Israeli, nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta zinayouza na kuzinyima baadhi ya nchi kabisa. Pipa lililokuwa likiuzwa kwa kiasi cha dola 3 likafika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Kabla dunia haijapumua, yakaja mapinduzi ya Irani ya mwaka 1979, na bei ikapita dola 30. Kwa nchi kama Kenya, iliyouza kahawa na chai ili inunue mafuta, hiyo ilikuwa kama kuamka asubuhi na kukuta unga wa nyumba umepanda bei mara kumi huku mshahara uko pale pale.

Nchi iliyojibu kwa kishindo ilikuwa Brazili, yenye mashamba makubwa ya miwa. Mwezi wa Novemba 1975 serikali yake iliweka mpango wa taifa wa spiriti, na mwaka 1979 ikaanza kuuza motokaa ziendazo kwa spiriti tupu. Afrika nayo haikulala. Huko Triangle, kusini mwa Zimbabwe, kiwanda cha spiriti kilianza kazi mwaka 1980. Malawi ilifuata mwaka 1982 huko Dwangwa, kando ya ziwa. Nchi hizi mbili hazina bahari. Kila lita ya petroli ilipita katika nchi ya watu wengine kabla ya kuwafikia, na kwa sababu hiyo walijua thamani ya kuwa na chao.

Kenya ilikuwa na bandari, na ilikuwa na miwa pia. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilikuwapo tangu 1922. Baada ya uhuru vikaongezeka Muhoroni mwaka 1966, Chemelil mwaka 1968, na Mumias mwaka 1973. Molasi ilikuwa nyingi kuliko walioitaka. Ndipo pakapangwa viwanda viwili vya kuigeuza. Cha kwanza kilikuwa cha Kisumu. Ujenzi wake ulianza katika miaka ya 1970 ya mwisho kwa shangwe kubwa, lakini gharama zikapanda juu ya makadirio, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ikasimama kabla kiwanda hakijakamilika. Mitambo yake ilisimama miaka karibu 20 kando ya njia, ikishika kutu, mpaka wenye mali binafsi walipoichukua na kuifufua mwanzoni mwa karne hii. Cha pili kilikuwa cha kampuni ya Agro-Chemical and Food, iliyoanzishwa mwaka 1978 huko Muhoroni. Hiki kilimalizika. Kiliundwa kiweze kutoa kiasi cha lita 60,000 za spiriti kwa siku, na kilianza kazi mwaka 1982.

Mwaka 1983 spiriti ya Muhoroni ikaanza kuchanganywa na petroli, sehemu 10 katika kila sehemu 100. Mchanganyiko huo uliitwa gasoholi. Dereva hakuhitaji kubadili kitu katika injini yake. Aliingia katika kituo cha mafuta, akajaza tangi, akaenda zake. Na katika kila lita 10 alizonunua, lita moja ilikuwa imeota kutoka katika udongo wa Nyanza.

Sasa, msomaji, hebu tufanye hesabu, kwa maana wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Lita moja ya spiriti ina nguvu ya kiasi cha theluthi mbili tu ya lita ya petroli. Kwa hiyo lita 100 za mchanganyiko, zenye petroli 90 na spiriti 10, zitakufikisha mahali ambapo lita 97 hivi za petroli tupu zingekufikisha. Pikipiki iendayo kilomita 40 kwa lita itakwenda kilomita 39 kasoro kidogo. Hasara hiyo ni ndogo, lakini ipo, na lazima ilipwe na mtu. Ikiwa spiriti inauzwa kwa theluthi mbili ya bei ya petroli au chini ya hapo, mnunuzi hapunjwi. Ikiuzwa zaidi, basi ama mnunuzi anapunjwa, ama mwenye kiwanda anapata hasara, ama serikali inatoa fedha kufidia pengo. Hakuna njia ya nne.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoiua gasoholi ya Kenya. Kiwanda kilijengwa kwa mikopo ya fedha za kigeni, na kila shilingi yetu ilipopungua thamani, deni lile lile likawa zito zaidi kulilipa. Bei ya petroli ilikuwa ikipangwa na serikali, na bei iliyoruhusiwa kwa spiriti haikutosheleza gharama za kuitengeneza. Makampuni ya kigeni yaliyouza petroli hayakuipenda biashara ya kuchanganya, nayo hayakuona kwa nini yaisaidie. Kisha mwaka 1986 bei ya mafuta ikaporomoka duniani, wakati mwingine ikifika karibu dola 10 kwa pipa, na ile hofu iliyoizaa gasoholi ikatoweka. Wakati huo huo wanunuzi wa nchi jirani walikuwa tayari kuilipa spiriti hiyo bei nzuri zaidi kwa matumizi mengine. Mwaka 1993 uchanganyaji ukaachwa. Mwaka uliofuata serikali ikaacha pia kupanga bei za mafuta, mpaka ilipoirudia kazi hiyo mwaka 2010.

Angalia vizuri sababu hizo. Hakuna hata moja inayosema kwamba injini zilikataa spiriti, au kwamba miwa ilikwisha, au kwamba mafundi wetu walishindwa kazi. Mitambo iliweza, bali daftari halikuweza. Kwa upande mwingine, Malawi, iliyoanza mwaka mmoja kabla yetu, iliendelea kuchanganya spiriti yake miaka na miaka, kwa kuwa petroli iliyofika kwake ilikuwa ghali sana, na sheria yake ilisimama imara. Brazili nayo ilipita katika misukosuko yake, lakini haikuacha; na mwaka 2025 ilipandisha spiriti katika petroli yake mpaka sehemu 30 katika 100. Sisi tulifanya kama yule aliyeambiwa: Usiache mbachao kwa msala upitao. Petroli rahisi ya mwaka 1986 ilikuwa msala upitao. Ilipita, na ilipopanda tena, mbacha wetu haukuwapo.

Kuna sura nyingine ya historia hii ambayo haielezwi mara nyingi, nayo inagusa afya. Petroli ya zamani iliponguruma katika injini yenye nguvu, ilikuwa na tabia ya kulipuka kabla ya wakati wake, na injini ikagonga. Mwaka 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa Marekani, aligundua kwamba dawa yenye risasi ikitiwa kidogo tu huondoa kugonga huko. Spiriti nayo ina sifa hiyo hiyo ya kuzuia injini isigonge, na jambo hilo lilijulikana wakati ule. Lakini risasi ilikuwa rahisi, na ilikuwa na mwenye hati ya uvumbuzi aliyefaidika nayo. Spiriti yeyote aliweza kuitengeneza. Basi kwa miaka mingi magari ya dunia nzima yakatapika risasi hewani, ingawa risasi ni sumu, na hudhuru hasa akili za watoto wadogo. Kenya na nchi nyingine za Afrika kusini ya Sahara ziliikomesha kufika mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwaka 2021, na tangazo la mwisho huo lilitolewa na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake yako Nairobi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kitu kilicho bora hushinda daima, mkumbushe habari ya risasi.

Turudi sasa kwenye pikipiki ya Rapsu. Wakati gasoholi ilipokuwapo, pikipiki za kukodi zilikuwa chache mno. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa thamani juu ya pikipiki ndogo, na katika miaka michache bodaboda zikafika mpaka mahali ambapo basi halijapata kufika. Ikiwa siku moja spiriti itarudi katika petroli yetu, kama ilivyozungumzwa mara nyingi tangu 1993, itakutana na watu hawa, na yafaa wajue tabia yake.

Tabia yake kubwa ni kupenda maji. Petroli tupu na maji havipatani. Ukivitia katika chupa moja, maji hukaa chini na petroli juu. Spiriti hupatana na vyote viwili. Nimewaonyesha walimu wanafunzi jambo hili katika maabara, mbali na moto wowote. Chukua lita moja ya petroli yenye spiriti sehemu 10 katika 100. Tia matone ya maji: utaona yanapotea, kana kwamba hayakuwapo. Endelea kutia. Maji yakipita kiasi cha kijiko kimoja cha chai, ghafla mchanganyiko hutibuka kama maziwa, kisha hugawanyika: spiriti huishika mikono ya maji na kushuka nayo chini, ikaiacha petroli juu. Sasa kumbuka kwamba mrija wa pikipiki hunyonya mafuta kutoka chini ya tangi. Injini itakunywa maji na spiriti, nayo itazimika, pengine njiani usiku, na mgonjwa yuko nyuma.

Mtungi wenye kifuniko kibovu, chupa iliyosuuzwa na haikukaushwa, tangi lililoachwa nusu tupu msimu wa mvua: hayo ni makosa madogo kwa petroli tupu, lakini ni makubwa kwa petroli ya spiriti. Pia spiriti huzoa uchafu wa zamani ulioganda ndani ya tangi na kuupeleka katika kabureta, na huilainisha mipira ya pikipiki kuukuu ambayo haikuundwa kwa ajili yake. Haya yote yana dawa. Huko Brazili, tangu mwaka 2009, zimeuzwa pikipiki ziwezazo kutumia petroli au spiriti kwa kiasi chochote. Ila dawa hizo zahitaji matangi safi, vipimo na watu waaminifu kutoka kiwandani mpaka kijijini.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mkenya wa leo akisikia mafuta yamechanganywa, hafikirii miwa, anafikiria wizi. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wasio waaminifu walitia mafuta ya taa katika petroli na dizeli, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa rahisi. Hata mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuiondoa faida ya hila hiyo. Maskini awashaye kibatari akalipia dhambi ya tajiri mwenye lori. Mchanganyiko wa halali na mchanganyiko wa hila hufanana machoni. Tofauti yake ni kwamba mmoja umepimwa, umeandikwa, na mnunuzi ameambiwa, mwingine umefichwa. Mtu anunuaye chupa kando ya njia hawezi kuijua tofauti hiyo kwa macho yake wala kwa pua yake. Anategemea sheria iliyo mbali naye.

Wengine watauliza: Kwa nini Rapsu yenyewe isipande miwa, maadamu ina mifereji? Swali hilo ni zuri, lakini lazima lijibiwe kwa uangalifu. Muwa ni mmea wenye kiu. Katika ukame wa miaka 2020 mpaka 2023, mvua za misimu mitano mfululizo zilishindwa kaskazini mwa Kenya, na mifugo isiyo na hesabu ikafa. Katika nchi ya namna hiyo, maji ya mfereji yanayoweza kuotesha mahindi yana kazi ya kwanza, nayo ni kulisha watu. Huko Marekani kiasi cha theluthi moja ya mahindi yote huenda kutengeneza spiriti ya magari, na watu wengi wamelalamika kwamba tangi la gari linashindana na sahani ya mlaji. Fadhila ya mpango wa Muhoroni ilikuwa kwamba ulitumia molasi, si chakula. Hata hivyo molasi nayo ina mwenyewe: wafugaji huinunua kuwapa ng'ombe wakati wa njaa ya malisho. Hakuna mabaki yasiyo na mtu anayeyangojea.

Basi tutoe hukumu gani? Wako wasemao kwamba gasoholi ilikuwa upuuzi wa fedha, na wako wasemao kwamba iliuawa na wageni wauzao petroli. Mimi naona pande zote mbili zimeshika sehemu tu ya kweli. Wazo lilikuwa jema na kazi ilifanyika. Kilichokosekana ni hesabu ya haki kati ya mkulima, kiwanda, muuzaji na mnunuzi, iliyowekwa katika sheria na kushikwa hata bei ya dunia inaposhuka. Nchi iliyojiandaa wakati wa dhiki ikaacha maandalizi wakati wa nafuu hujikuta inaanza upya dhiki irudipo, na kuanza upya ni ghali zaidi kuliko kuendelea.

Tarehe 14 ya kila mwezi hutangazwa bei mpya za mafuta, mji kwa mji: Mombasa chini, Mandera juu kabisa, na Isiolo katikati. Utakaposikia tangazo hilo, msomaji, usiishie kulalamika. Chukua kalamu. Uliza lita hiyo ilitoka wapi, kila mkono umeongeza nini, na kama sehemu ya kumi yake ingetoka Muhoroni, nani angepata na nani angepoteza. Kisha peleka hesabu yako Rapsu, kwa yule mwenye pikipiki aliyesimama mbele ya meza yenye chupa, uone kama jumla yake itamsaidia.